Ufunguo wa Pili Ukae Mwilini, Usikae Kabini

Juzi usiku dereva mmoja kijana aliniandikia kwa simu ya kuazima: "Kaka, mlango wa lori umejifunga, injini inaunguruma, ufunguo uko ndani. Nivunje kioo?" Nilimwambia asivunje kitu kwanza, azunguke hadi kwenye sanduku la pembeni, lile la nje lililo chini ya kitanda cha dereva. Halikuwa limefungwa. Kwenye malori mengi yenye kitanda, sanduku hilo na kabini vinatenganishwa na kitanda tu. Utingo wake, ambaye ni mwembamba, akaingia, akasukuma kitanda kwa mabega, akatokea ndani na kufungua mlango. Nilifurahi sana siku ile, na nikaahidi kuandika haya kwa wengine wanaoishi na usukani kama sisi.

Naandika pia kwa sababu jambo hili linaniuma tangu nilipokuwa naendesha lori la mtu. Kitasa cha upande wangu kilikuwa kimechoka: ukibamiza mlango, kile kijiti cha kufungia kinashuka chenyewe. Nilishamwambia tajiri, tena si mara moja. Niliomba na ufunguo wa pili, nikajibiwa kwamba dereva mwenye funguo mbili ni dereva anayetaka kuiba.

Alfajiri moja nikasimama pembeni ya barabara, nikavuta handbreki, nikaacha injini ijaze upepo wa breki huku nikishuka kugonga matairi. Lori jingine likapita kwa kasi, upepo wake ukaubamiza mlango wangu. Nilikisikia kile kijiti kikidondoka. Ndani kulikuwa na simu, leseni, karatasi za mzigo na koti la reflekta. Nje nilikuwa mimi na nyundo ya matairi mkononi.

Watu walijaa haraka, na kila mmoja alikuwa fundi. Wa kwanza alikuja na waya, akachokonoa kwenye mpira wa dirisha mpaka akauchana. Wa pili akaokota jiwe na kuelekea kioo cha mbele. Nilisimama katikati yake na lori. Kioo cha mbele kimeundwa kwa vioo viwili vyenye utando katikati. Ukikipiga kinajaa nyufa lakini hakikupi njia, na hapo safari imekufa. Cha mlangoni ndicho kinachovunjika kuwa punje punje. Mwisho nikaazima simu, nikampigia tajiri, na yeye mwenyewe akaamuru kioo cha mlango wa abiria kivunjwe. Mshahara ulipotoka, kioo kilikuwa kimekatwa humo. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Kujifungia nje kunazuiwa kabla hujashuka. Ufunguo wa pili ukae mwilini mwako: shingoni, au kwenye mkanda wa suruali, chini ya shati. Usiuweke kwenye koti, kwa sababu koti linavuliwa. Usiuweke kwenye pochi, kwa sababu pochi inabaki juu ya dashibodi. Ukae mwilini.

Kwa tajiri anayeogopa wizi, jibu lipo. Funguo nyingi za malori ya kisasa zina chipu ndani ya kichwa chake, na injini haiwaki mpaka lori liitambue chipu hiyo. Mwambie akuchongee ufunguo wa chuma tupu usio na chipu. Kwenye lori la aina hiyo, utafungua mlango na hautawasha injini. Huo hata ukiufunga kwa waya kwenye chasisi, mahali usipoonekana, hasara yake ni ndogo, ingawa mwizi wa mizigo ya kabini bado anaweza kuutumia, kwa hiyo uufiche kweli kweli. Vile visanduku vya sumaku mimi siviamini. Barabara mbovu huvidondosha, na tenki la alumini halishiki sumaku kabisa.

Rimoti nayo isikudanganye. Malori mengine ukifungua kwa rimoti na usiguse mlango, yanajifunga yenyewe baada ya muda mfupi. Betri yake ndogo ya volti 3 ikiisha, au betri za lori zikilala, utaitegemea ile sehemu ya chuma tu, nayo tundu lake likiwa limeziba vumbi kwa sababu halitumiki, halizunguki. Tumia tundu hilo mara kwa mara. Na ukishuka injini ikiwaka, shusha kioo kwanza kiasi cha mkono kupita.

Simu ishuke na wewe. Picha za leseni na kadi ya lori ziwemo, maana fundi wa vitasa mwaminifu atakuuliza lori ni la nani kabla hajaligusa. Namba moja ya mtu wa kukusaidia iwe kichwani.

Yakikukuta, ondoka barabarani kwanza. Kisha jaribu kila mlango, vioo, tundu la juu ya paa na masanduku ya pembeni. Usiinue kabini kutafuta njia, hasa injini ikiwaka. Usizime swichi kuu ya betri ukidhani utazima injini. Kwa malori mengi injini itaendelea, na unaweza kuiunguza altaneta, ile inayochaji betri. Ita fundi mwenye ule mfuko unaojazwa hewa: anausukuma kwenye upenyo wa juu ya mlango, unatanua kidogo, anapitisha fimbo ndefu na kubonyeza kitufe. Anayetaka kuchomeka bapa la chuma ndani ya mlango mkatalie, humo mna nyaya za vioo na vitasa.

Kuvunja kioo kuna wakati wake: mtoto yuko ndani, mtu amezidiwa, au dawa unayoitegemea imebaki humo. Hapo usimsubiri tajiri wala fundi. Vunja cha mlango ulio mbali na mtu, funika uso, pigia kwenye kona.

Na ninyi matajiri mnaosoma hapa, lori kubwa likiunguruma bila kwenda linakunywa takriban lita 3 za dizeli kwa saa, huku mzigo ukichelewa na dereva wako akiwa amesimama barabarani bila koti la reflekta. Ufunguo mmoja wa chuma na kitasa kipya vinalipwa mara moja. Ile namba ya ufunguo inayokuja kwenye kibati kidogo siku ya kununua lori, iandikeni na kuihifadhi ofisini. Kwa malori mengi fundi anaweza kuchonga ufunguo mwingine kwa namba hiyo hata kama zote mbili zimepotea.