Kweri za Access: Mtafute Aliyekosekana

Ukija kwangu unataka kujifunza kutengeneza kweri katika Microsoft Access, programu ya kuweka hifadhidata, nitakuomba kwanza uandike swali lako kwa Kiswahili kwenye karatasi. Vijana wanaoweka hesabu za maduka ya leso pale Biashara Street, Mombasa, hunicheka, lakini huandika. Kweri ni swali tu, na hifadhidata hujibu ulichouliza, si ulichokusudia.

Chukua swali la kila mwenye duka: "Nani hajanilipa tangu Machi?" Anamtaka ambaye hajaleta hata shilingi, au anayelipa kidogo kidogo na bado ana deni? Hizo ni kweri mbili mbalimbali.

Tuanze na asiyeleta kitu. Una jedwali la Wateja na la Malipo. Ukiyaunganisha kwa namba ya mteja, Access itakuletea waliolipa peke yao, maana muungano wake wa kawaida huonyesha tu rekodi zenye mwenzake pande zote mbili. Yule mama wa Likoni aliyechukua korija mbili akapotea hayumo, na ndiye unayemtafuta! Basi tengeneza kweri ndogo ya malipo yote kuanzia 1 Machi, uihifadhi. Kwenye kweri ya pili weka Wateja pamoja na hiyo ndogo, bofya mara mbili mstari unaoziunganisha, uchague wateja wote waje, wawe wamelipa au hawakulipa. Chini ya namba ya mteja iliyotoka upande wa malipo, andika Is Null, yaani pasipo na kitu. Usijaribu kufupisha kazi kwa kuunganisha Wateja na Malipo moja kwa moja na kuweka sharti la tarehe humo humo: asiyelipa hana tarehe ya kulinganishwa, kwa hiyo atatoweka tena.

Kweri ya deni ina mtego mbaya zaidi kwa sababu inaleta tarakimu zinazopendeza macho. Tuseme mteja amenunua mara tatu, 10,000 kila mara, na amelipa mara mbili, 5,000 kila mara. Deni lake ni 20,000. Ukiweka Wateja, Mauzo na Malipo katika kweri moja ukajumlisha, kila mauzo hukutana na kila malipo na unapata rekodi sita: mauzo 60,000, malipo 30,000, deni 30,000. Programu hailalamiki hata kidogo. Atakayelalamika ni mteja, tena mbele ya watu. Jumlisha mauzo kwenye kweri yake, malipo kwenye yake, halafu ya tatu itoe jumla ya malipo kwenye jumla ya mauzo, ikiwaleta wote walionunua. Na kwa kuwa asiyelipa ana pengo badala ya sifuri, andika Nz([JumlaMalipo],0) mahali pa jumla ya malipo, ili pengo lihesabiwe sifuri. Bila hivyo deni lake litatoka tupu. Anayetumia LibreOffice Base, programu ya hifadhidata ambayo ni ya bure, atatumia COALESCE mahali pa Nz.

Majina ya kwetu nayo yana vituko vyake. Mwanaisha, Mwanaesha na Mwanaasha huenda wakawa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu. Sharti Like "Mwana*sha*", ambamo nyota ni herufi zozote, litawaleta wote, kisha macho yako yaamue. Lakini kuunganisha majedwali kwa jina? Hapana. Mpe kila mteja namba.

Tarehe ziangalie kama zimebeba saa. Ukisema Between 1 Juni na 30 Juni, malipo ya saa nne asubuhi ya tarehe 30 hayaingii, kwani 30 Juni peke yake husomwa kama usiku wa manane siku hiyo inapoanza. Sema kuanzia 1 Juni hadi kabla ya 1 Julai. Ukiandika SQL, yaani lugha ya kweri, kwa mkono, #01/07/2025# husomwa Kimarekani, yaani 7 Januari, hata kama kompyuta yako imewekwa tarehe za Kenya. Andika #2025-07-01# ulale usingizi.

Kweri za kufuta au kubadilisha rekodi ziendeshe kwanza kama za kuonyesha tu, uone nani ataguswa, na faili liwe limenakiliwa. Na kikitokea kisanduku kinachokuomba thamani ya JumlaMalpo ambayo hukuipanga, usijaze chochote. Ghairi, urudi ukasahihishe tahajia.