Laiti Ingeijua Chumvi: Kompyuta Wanazozitamani Wasomaji

*Tuliwauliza wasomaji wa Unguja na Pemba: ukipewa nafasi ya kumwagiza mtengenezaji kompyuta au simu yako ijayo, ungetaka awe ameitia nini? Barua tulizozichagua hazikuomba kasi. Zimeomba umeme usiopotea, tundu lisiloliwa na chumvi, kioo kinachosomeka juani. Tunajibu kwa kusema kipi kimeshaundwa, kipi bado, na ufanye nini unaposubiri.*

Assalamu alaikum. Skuli yetu ina sola na betri moja ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Laptopu tatu tunazitumia kwa inveta, kama saa sita kwa siku, na kabla ya Isha inveta imeshaanza kulia. Betri ni DC, umeme wa mkondo mmoja, laptopu nayo ndani ni DC. Kwa nini tupande mpaka volti 230 kisha tushuke tena? Natamani laptopu inayochomekwa kwenye betri moja kwa moja. — Mwalimu, Micheweni

Waalaikumu salamu, Maalim. Umeliona tatizo pale pale lilipo, na unachokitamani kipo.

Laptopu inayochajiwa kwa USB-C huzungumza kwanza na chaja: chaja inataja volti inazoweza kutoa, kwa kawaida 5, 9, 15 na 20, na laptopu inachagua. Utaratibu huo ni USB PD, na tangu 2021 umepanuliwa mpaka volti 48 na wati 240. Umoja wa Ulaya umeufanya sharti, kwa simu kuanzia tarehe 28 Disemba 2024 na kwa laptopu kuanzia 28 Aprili 2026. Mashine nyingi za mitumba tunazonunua zilitumika kwanza ng'ambo, kwa hiyo sharti hilo litatufikia na sisi.

Sasa hesabu ya skuli yako. Tuseme laptopu moja inakula wati 25 kwa saa 6, yaani wati-saa 150. Inveta inapoteza, chaja nayo inapoteza, na kati ya kila wati 100 zinazotoka kwenye betri hufika kama 75. Laptopu tatu zinahitaji basi wati-saa 600. Ongeza wati 8 hivi ambazo inveta inajilia yenyewe kila saa, unapata karibu 650, sawa na ampea-saa 54. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, na nusu yako ni 50. Ndiyo maana inalia. Ukiiondoa inveta na kutumia chaja ya gari yenye USB PD, hasara inabaki kama asilimia 10, na laptopu zile zile tatu zinakula ampea-saa 42. Betri ni ile ile, paneli ni zile zile.

Vifaa ni hivi. Kila laptopu iwe na chaja yake ya gari, inayopokea volti 12 hadi 24 na yenye maandishi 20V 3.25A kwenye tundu la USB-C; hiyo ni wati 65. Chaja iliyoandikwa 65W kwa jumla bila ya kutaja volti 20 iache, huenda inajumlisha matundu matatu. Waya wa kutoka kwenye betri uwe wa milimita za mraba 2.5, usizidi mita 3, na kila tawi liwe na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Fyuzi ikiwekwa mwisho wa waya hailindi waya. Kebo ya USB-C ya kawaida inaishia wati 60. Ukitaka zaidi, nunua iliyoandikwa 5A au 100W.

Wengi hukwama kwenye waya mwembamba. Chaja ya wati 65 huvuta kama ampea 6 kwenye volti 12, na waya wa nusu milimita ya mraba kwa urefu huo unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Betri ikichoka kidogo jioni, chaja inaona volti 11, inajizima, volti inapanda, inawaka tena. Ukiona taa ya chaja inapepesa, shika waya: ukiwa na joto, umepata mkosaji. Na kama siku moja mtaongeza betri ya pili mkazifunga kwa volti 24, msivute volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili. Moja itakuwa inamalizika kila siku na nyengine inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Laptopu zenu zikiwa za zamani, zenye plagi ya duara, tafuteni kipandisha volti cha 12 hadi 19.5 chenye ncha ya aina yenu. Za Dell na HP nyingi zina pini nyembamba katikati ya plagi ambayo huitambulisha chaja. Ikikosekana, laptopu huenda ikawaka lakini ikakataa kuchaji.

Nina duka la kutoa kopi na kuchapisha Jambiani, hatua chache tu kutoka ufukweni. Tundu la chaji la laptopu limegeuka kijani kabla ya mwaka, na simu yenye alama ya IP68 imekufa hivyo hivyo. Natamani mashine iliyotengenezwa na mtu anayeijua pwani. — Msomaji, Jambiani

Hili ndilo ombi lililotugusa kuliko yote, maana mashine nyingi zinazokufa visiwani haziuawi na matumizi. Zinauawa na hewa.

Itizame chumvi ya mezani wakati wa masika: asubuhi imelowa kidauni mwake na hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ukipita asilimia 75 inayeyuka yenyewe. Vumbi la chumvi linaloletwa na upepo linaweza kukaa kwenye bodi miezi mizima bila ya madhara. Usiku mmoja wa masika linageuka utando wa maji ya chumvi. Umeme ukipita hapo, shaba inaliwa. Tundu la USB-C lina pini 24, nne kati yake za kuingizia umeme, nazo zimekaa nafasi ndogo sana kutoka jirani zake. Hizo ndizo zinazotangulia kugeuka kijani, halafu nyeusi. Simu inayolala kwenye chaji kila usiku karibu na dirisha la baharini huliwa haraka kuliko isiyolala kwenye chaji.

IP68 haikukudanganya, ila haikuahidi unachodhani. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na jaribio lenyewe hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kifaa kipya. Vivyo hivyo na alama ya MIL-STD-810, kipimo cha jeshi la Marekani. Ndani yake kuna jaribio la ukungu wa chumvi, namba 509, lakini mtengenezaji huchagua majaribio anayoyataka, na mara nyingi hutaja ya kuanguka na joto. Muulize muuzaji: 509 imo? Kama haimo kwenye karatasi ya sifa, hesabu kwamba haikufanywa.

Basi uombe nini? Bodi iliyopakwa varnishi maalumu ya kuzuia unyevu. Mwili usio na feni, kwa sababu feni ndiyo inayoivuta hewa ya bahari ndani. Laptopu za namna hiyo zimeshazoeleka, MacBook Air haina feni tangu 2020. Na tundu la chaji lililo kwenye kijibodi chake peke yake. Kwa mtu wa ufukweni hili la tatu tunaliweka juu ya mengine yote. Tundu likiwa na kijibodi chake, fundi anafungua skrubu mbili na utepe mmoja wa waya, anabadilisha. Likiwa limelehemewa kwenye bodi kuu, inakuwa kazi ya hewa ya moto, na vijisehemu vya jirani vinaweza kuondoka nalo.

Kwa mashine hiyo uliyonayo, fanya hivi. Usiku iingie kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, pamoja na gramu 100 hadi 200 za silika jeli ya kubadilika rangi. Rangi ikigeuka, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, inarudi kazini. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye tundu. Matundu usiyoyatumia yazibe kwa vizibo vya silikoni. Mara moja kwa mwezi zima mashine, ondoa chaja, safisha tundu kwa brashi laini na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, kisha subiri nusu saa. Sindano ya kushonea isikaribie hapo. Na kama mna kiyoyozi, mashine iliyolala kwenye nyuzi 18 usiitoe barazani ukaiwasha papo hapo: itatoka jasho ndani kama chupa ya soda. Itie kwenye mkoba uliofungwa kwa nusu saa kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA. Nimenunua laptopu nyembamba yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 8, na fundi anasema haiongezeki, imelehemewa. Kwa nini wanatufanyia hivi? — Mwanafunzi, Tunguu

Sababu yenyewe ni ya haki: kumbukumbu aina ya LPDDR hula umeme kidogo, lakini inahitaji njia fupi sana mpaka kwenye prosesa, na soketi za zamani ziliharibu hilo. Dawa imepatikana. Disemba 2023 JEDEC, taasisi inayoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, ilitoa kiwango cha CAMM2: kibao bapa kinacholala juu ya bodi na kukazwa kwa skrubu, kikichukua hata hiyo LPDDR. Lenovo ThinkPad P1 ya 2024 ilitoka nacho. Bado ni ghali na ni adimu.

Kwa sasa, kabla ya kulipa, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji kisha kumbukumbu, usome idadi ya nafasi zilizotumika. Halafu tafuta namba kamili ya modeli chini ya mashine na usome karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu RAM iliyolehemewa nayo huhesabiwa kama nafasi. Ikiwa haiongezeki, nunua yenye GB 16 tangu mwanzo.

Naweka hesabu za mwani za kikundi chetu kwenye tableti. Pale ufukweni sioni namba, naona uso wangu. Natamani kioo cha juani. — Mkulima wa mwani, Paje

Bi Mkubwa, hesabu zako hazina kosa. Ni mwanga unaoshindana. Mng'ao wa kioo hupimwa kwa niti, na tableti ya kawaida hutoa niti 250 hadi 300. Mchanga mweupe saa sita mchana unang'aa zaidi ya niti 10,000, na kioo kisichopakwa dawa hurudisha kama asilimia 4 ya hizo, yaani 400. Uso wako na mchanga vinaishinda taa.

Kuongeza taa ni njia ya kumaliza betri. Njia bora ni kioo kinachotumia jua lenyewe. Laptopu ya watoto wa skuli ya OLPC XO-1, ya mwaka 2007, ilikuwa nacho: ukizima taa ya nyuma, picha inabaki nyeusi na nyeupe, na jua likizidi inazidi kuonekana. Tunasikitika kwamba vioo vya namna hiyo havikuenea. Kilichoenea ni wino wa elektroniki, ule wa vitabu vya kusomea. Tableti zake zinabadilisha ukurasa polepole, lakini kwa kuandika kilo na majina zinatosha.

Na tableti uliyonayo? Bandika karatasi ya kioo isiyong'aa. Tumia maandishi meusi juu ya nyeupe. Ule mtindo wa giza ni wa usiku. Elekea jua, usilipe mgongo, maana kioo kinaonyesha kilicho nyuma yako. Ukiwa na kanga ya rangi nyepesi kioo kitaionyesha; baibui jeusi ndilo pazia zuri kuliko yote. Ukiona kioo kinafifia chenyewe, kimepata joto: watengenezaji wengi huweka mpaka wa nyuzi 35. Kiweke kivulini.

Betri zinavimba na zimegandishwa kwa gundi. Natamani betri inayotoka kwa mkono. — Fundi wa simu, Darajani

Ulaya imeweka sharti kwamba, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye kifaa. Wamebakisha nafuu chache, zikiwamo za vifaa vya kazi za majini. Mpaka hapo, waelekeze wateja wako kwenye mpangilio wa kuishia asilimia 80, maana betri iliyojaa pomoni na kupata joto ndiyo inayotoa gesi. Iliyovimba chomoa waya wake kwanza, tia matone ya aisopropili pembeni ya gundi, subiri dakika tano, inua kwa kadi ya plastiki. Bisibisi hapana. Kisha iende kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje.

Kwa nini simu haina saa ya Kiswahili? Mama yangu anasoma 7:00 anasema saa saba. — Msomaji, Wete

Ni ombi jepesi mno kwa mtengenezaji, na linatustahiki. Kuna njia ya kuzunguka: kwenye saa ya dunia ya simu ongeza mji wa Buenos Aires, ambao uko nyuma yetu kwa saa sita kamili na haubadilishi saa kwa msimu. Hapa ikiwa 7:00 ya asubuhi, kule inasoma 1:00; saa moja. Chagua mtindo wa saa 12, uiweke saa hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo kwa herufi kubwa.

Usibadilishe saa kuu ya simu yenyewe, miadi kwenye kalenda itahama saa sita. Alamu nazo zitegwe kwa saa ya kawaida. AM na PM za Buenos Aires mama azipuuze, na tarehe yake pia, kwani mpaka alfajiri itakuwa bado ya jana.