Usanifu dhahania, wa awali au wa dhana?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa programu ya kompyuta inayowaonyesha wahandisi umbo la ndege ikiwa bado ni wazo tu. Nimeandika "programu ya taswira kwa usanifu dhahania wa ndege". Mhariri amefuta "dhahania" akaweka "wa awali". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna, ila neno la mhariri ndilo litakalokuponza zaidi.

Usanifu wa ndege una hatua tatu. Kwanza wahandisi huamua ndege iweje kwa jumla: injini ngapi, mabawa yakae juu ya kiwiliwili au chini yake, mkia uwe wa namna gani. Umbo likishachaguliwa, huchambuliwa na kupimwa mpaka likawa gumu kulibadilisha. Mwisho huchorwa kila kipande, hata tundu la skrubu. Sasa, "usanifu wa awali" ni jina linaloifaa hatua ya pili, na wahandisi wenyewe ndivyo wanavyoielewa. Ukiipa ya kwanza jina hilo, ukifika ya pili utaiitaje?

"Dhahania" nayo tumeizoea kwenye sarufi. Nomino za dhahania ni kama upendo na uzuri, vitu visivyoshikika. Ni kweli kwamba ndege hiyo haishikiki bado, lakini usanifu wake si wa kufikirika. Una vipimo, uzito na hesabu za kutosha kumkosesha mtu usingizi. Kinachosanifiwa ni dhana ya ndege. Basi andika "usanifu wa dhana", kisha "usanifu wa awali", kisha "usanifu wa kina". Hapo hatua zote tatu zina majina na hakuna linalomkanyaga mwenzake.

Kuhusu "taswira", hilo ni jina la kile kinachoonekana kwenye skrini. Kitendo chenyewe ni kusawiri, na waliosoma fasihi wanaujua usawiri wa wahusika. Mimi napenda kitenzi hiki kuliko "kuchora" kwa sababu "sawiri", "taswira" na "sura" vimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, na kuipa ndege sura ndiyo kazi ya programu hizi. Chukua OpenVSP, ambayo NASA iliiachia umma mwaka 2012. Mtumiaji hahangaiki kuvuta mstari mmoja mmoja. Anaandika urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha, anaandika pembe ya kulilaza kuelekea mkiani, na umbo zima linajibadilisha mbele ya macho yake. Huko si kuchora.

Kwa hiyo: "programu ya kusawiri ndege katika hatua ya usanifu wa dhana". Ni ndefu, lakini kwenye kichwa cha mwongozo itatosha kutajwa mara moja. Kwingine sema "programu".

Jambo dogo ambalo hukuliuliza: katika barua yako umeandika "mbawa yamelazwa". Ubawa wingi wake mbawa, nazo zimelazwa. Bawa wingi wake mabawa, nayo yamelazwa. Chagua jozi moja, uishike hadi ukurasa wa mwisho.