Picha za baleti Bagamoyo: anza na viatu na maji, kamera baadaye

Mkuu, umeuliza namna ya kupanga mradi wa picha za baleti Bagamoyo kwa kufuata kazi za wapigapicha wa dansi Barbara Morgan, Lois Greenfield na Alexey Brodovitch. Nilijaribu mwaka juzi, nikaishia kulipa viatu vya watu.

Ncha ngumu ya viatu vya kusimamia vidole ni tabaka za kitambaa na gundi. Ikilowa inalainika. Nilimsimamisha dada mmoja kutoka Dar kwenye mchanga wa majimaji jua likichomoza, na picha ya nne haijaisha kifundo kikaanza kuyumba. Tukaacha hapo hapo. Sasa natumia kipande cha plaiwudi, naweka kamera chini ili kisionekane. Na usitegemee miruko ya Greenfield pale ufukweni: mchanga unameza nguvu ya mguu, mtu anaruka kama amebeba gunia. Greenfield mwenyewe hupigia studio, kwa flashi fupi sana, na haunganishi picha kwenye kompyuta. Miruko kaiombee sakafu ya mbao.

Halafu Morgan umwangalie upya. Yule mwanamke aliyempiga picha sana, Martha Graham, hakuwa wa baleti. Alicheza dansi ya kisasa, tena peku. Kama moyo wako uko kwa Morgan, vua viatu, nusu ya matatizo yameisha! Cha kuiga kwake ni subira: alitazama dansi kwanza, akachagua nyendo, ndipo zikachezwa upya mbele ya kamera.

Maji nayo. Kila mtu anataka ufuko mpana unaong'aa na mwanga laini wa saa 12 na nusu asubuhi. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huvipati pamoja: maji yanajaa alfajiri, yanakupwa kabisa karibu saa 4, jua limeshakuwa kali na nyuso zina vivuli vibaya. Tafuta siku nne tano kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Hapo kupwa kunaangukia karibu na macheo, ingawa maji hayaendi mbali sana. Waulize wavuvi pale sokoni, watakutajia siku bila kushika simu.

Picha ninazozipenda mpaka leo tulizipata siku ya pili, kwenye baraza la nyumba kuukuu Mji Mkongwe wa hapo hapo Bagamoyo. Nilimkumbuka Brodovitch, aliyepiga picha makundi ya baleti yakizuru Marekani 1935 hadi 1937 kwa mwanga wa jukwaani tu, watu wakatoka kama moshi. Kitabu cha picha hizo kikachapwa 1945. Nikaweka kamera kwenye stendi, shata (muda kamera inaobaki wazi) 1/8 ya sekunde, nikamwomba yule dada azunguke taratibu. Sketi ikayeyuka mbele ya ukuta wa mawe ya matumbawe, mguu wa kusimamia ukabaki mkali. Fremu 60, nzuri 3. Ndiyo hesabu yake.

Kwenye magofu ya kale ya Kaole, karibu na Bagamoyo, omba kibali mapema, na makaburini usipige picha kabisa. Watu bado wanakwenda kuomba dua pale, na mchezaji wako amevaa nguo ya kubana. Sisi mzee mmoja alituita pembeni kwa upole, "Wanangu, hapa hapana," tukakunja vitu. Kwa njiani beba khanga mbili za kumfunika.

Ukipata tarehe niandikie. Plaiwudi bado ninayo, iko uvunguni.