Wakikwambia dawa imeponya sukari ya panya, waulize panya yupi

Mimi mwembamba, sukari ilinipata nishavuka arobaini, nikapewa vidonge kama wa aina ya pili, vikafanya kazi weee halafu vikagoma, mpaka daktari mmoja hapa Mtwara akasema tupime kingamwili za GAD, yaani dalili kwenye damu kwamba kinga inashambulia kongosho, sampuli ikaenda Dar, jibu likarudi LADA, kisukari cha kinga kinachokuja ukubwani. Yaani kinga ya mwili wangu mwenyewe inazila polepole seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Toka hapo kila ndugu ana dawa yake. Shemeji yangu wa Newala ndo kiboko, korosho zikishauzwa anakuwa na muda, basi wasap haipumziki: mlonge umethibitishwa kwa panya!

Ushauri wangu, usibishane nae, muulize tu huyo panya sukari aliipataje. Manake panya wengi kwenye tafiti za majani wamechomwa streptozotosini au aloksani, hizo ni sumu zinaua seli za beta, zile za kutengeneza insulini, chapchap, kwa hiyo ugonjwa wake umeletwa na sindano, haujaletwa na kinga iliyogeuka. Jani likimshushia sukari huyo, kwako we mwenye LADA bado halijasema kitu.

Anaetukaribia ni panya NOD, wa Japani, walimtangaza 1980. Huyu anaugua mwenyewe bila kuchomwa chochote, kinga yake inavamia kongosho kama yetu. Ila nae ana vituko, majike yanaugua kuliko madume, na cha ajabu ukimfuga pachafu anaugua kidogo, ukimtunza pasafi ndo anaumwa kweli! Halafu anaanza ujanani, wakati LADA inakuja ukubwani tena kwa kunyata. Ndo maana hata kwake nakuwa mgumu kuamini, nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ilimkinga vizuri tu, wakaijaribu kwa watu Ulaya na Canada, majibu ya 2004 yakaonesha haikuzuia kitu. Sisemi panya hana faida, dawa za kuzuia CD3, kitu kilicho juu ya seli za kinga, zilifanya maajabu kwa NOD miaka ya 90 na 2022 Marekani wakaruhusu mojawapo, teplizumabu, lakini hiyo inachelewesha tu kisukari cha aina ya kwanza kwa ambae bado hajaanza kuumwa, haiponyi.

Mlonge wa shemeji naupika na karanga, mtamu, insulini nachoma kama kawa. Na we mwembamba mwenzangu ambae vidonge vimegoma, kabla hujaongezewa kingine muulize daktari habari ya GAD na C-peptidi, kipimo cha kuona mwili bado unatengeneza insulini kiasi gani.