Fundi, nimenunua Boxer iliyotumika, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lushoto. Mwezi uliopita nimenunua pikipiki aina ya Boxer BM150 mkononi kwa mtu, ilikuwa bodaboda, na kilomita hazijulikani maana kebo ya spidi ilishakatika siku nyingi. Inatembea vizuri tu ila asubuhi nikipiga kiki inatoa moshi wa bluubluu kama dakika moja hivi alafu unapotea. Fundi wa hapa karibu kaniambia injini imekwisha, nibadili pistoni na ringi, na hela yenyewe sina saivi. Nataka nijifunze kuihudumia mwenyewe, sijawahi kushika spana. Kila siku nashuka nayo mpaka Soni na kupanda tena. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa chombo. Kwanza kabisa nakuomba usikubali mtu afungue hiyo injini sasa hivi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, hilo kweli, lakini angalia inaungua saa ngapi. Ikitoa asubuhi tu alafu unakata, mara nyingi ni sili za valvu (vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu) zimekauka, oili inashuka taratibu usiku kucha pikipiki imelala, ukiwasha inaungua ile kidogo iliyojikusanya basi imeisha. Ringi zikiwa zimekufa moshi haukati, kila ukivuta mafuta unaona wingu nyuma yako na unapanda mlima huku injini haina nguvu. Hivyo ni vitu viwili na bei zake haziko sawa hata kidogo. Jaza oili mpaka alama, tembea wiki mbili, pima tena. Ikiwa imeshuka kidogo tu endelea na maisha yako, ila kila wiki uwe unapima.

Anza na oili, maana hujui aliyekuuzia aliweka nini na lini. Washa dakika tano ipate moto, zima, weka beseni chini, fungua bolti ya kumwagia. Usiimwage haraka haraka ukaitupa, iangalie juani. Nyeusi tupu si tatizo, ila ukiona rangi kama chai ya maziwa kuna maji yameingia, na ukiona vipande vya chuma vinang'aa, hapo ndo utafute fundi mzuri. Weka 20W-50 ya pikipiki, inaingia kama lita moja na kidogo, usikisie, fuata alama. Sasa sikiliza hapa kwenye kufunga. Hiyo bolti ni ya chuma ila mahali inapoingia ni aluminiamu, laini sana. Mimi nilipokuwa najifunza niliikaza kwa nguvu zangu zote nikidhani ndo usalama, nyuzi za ndani zikaliwa, pikipiki ya mteja ikawa inavuja oili na ikabidi nilipe kutengenezewa nyuzi upya. Zungusha kwa vidole mpaka igote, alafu spana fupi, kaza ishike, basi. Na ile pete ndogo ya bolti, yaani washa, iwe mpya.

Ukimaliza hapo toa plagi uisome. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, injini inachoma vizuri. Nyeusi kavu kama masizi, petroli inazidi au filta ya hewa imeziba, na kwa vumbi la huko nina wasiwasi na filta. Nyeusi yenye unyevu wa oili, ndo ule moshi wako. Nyeupe kabisa, inachemka, hiyo usiisubirishe.

Cheni nayo. Simamisha kwa stendi kubwa, sukuma cheni ya chini katikati kwa kidole, iwe inacheza sentimita 2 mpaka 3. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa maana cheni iliyotumika haivutiki sawasawa, pima pale ilipokaza zaidi. Ukirekebisha, alama za kulia na kushoto kwenye ekseli zilingane, la sivyo tairi linakaa upande. Watu wengi wanaikaza ikawa kama waya wa gitaa, wanaua beringi bila kujua. Na kama meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) yamechongoka na kulala upande mmoja, nunua seti nzima, cheni mpya kwenye sproketi mbovu itaisha haraka. Paka oili ya gia namba 90.

Ila mwalimu, kinachonikosesha raha kwenye barua yako ni ule mlima. Kama breki zako ni za shuu (zile pedi zinazokaa ndani ya ngoma ya tairi) mbele na nyuma, ukikanyaga mfululizo kutoka Lushoto mpaka Soni zinapata moto, na zikishapata moto unakanyaga zinakuwa laini, hazishiki. Usishuke kwa nyutro hata siku moja eti kuokoa petroli. Shuka kwa gia ya pili au ya tatu injini ikushikilie, breki unabonyeza na kuachia. Alafu leo hii angalia ile nati ya nyuma ya kukazia breki, ikiwa imefika mwisho wa uzi wake shuu zimekwisha, badili kabla ya kesho asubuhi. Moshi unaweza kusubiri mwezi, breki hazisubiri.

Vifaa vya kuanzia ni spana za 8 mpaka 17, spana ya plagi, bisibisi mbili, na daftari uandike tarehe na ulichofanya. Hiyo kebo ya spidi badili pia, bei yake ndogo, bila kilomita utajuaje siku ya oili? Kwa milima na vumbi mimi ningemwaga kila kilomita 2,000. Valvu ziache kwanza, siku ya kuzipima kaa na fundi anayetumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu), injini ikiwa ya baridi, utazame anavyofanya.

Kadi je, umebadili jina TRA, Mamlaka ya Mapato? Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa pale shingoni na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi.

SWALI: Kaka fundi, mi niko Mwanza, niliweka oili ya gari kwenye pikipiki, saivi nikivuta mafuta injini inalia ila pikipiki haiongezi mwendo. Shida nini?

JIBU: Klachi inateleza, ndugu yangu. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, pleti zinashindwa kushikana. Imwage, tafuta yenye maandishi JASO MA kwenye kopo, hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi za namna hii, na kebo ya klachi uiachie icheze kidogo. Ukitembea siku chache na bado inateleza, pleti zimeshaungua, hapo zibadilishe.