Magunia Yaliyorudi Chwaka

Juma lililopita kijana mmoja wa Micheweni, Pemba, aliniandikia akiomba nimweleze namna ya kuanzisha kikundi cha kusafisha ufuo wa kijiji chao. Alianza kwa "Shikamoo, mwalimu," kisha akasema kwamba ameziona picha zetu za Chwaka na angependa yeye na wenzake wafike tulipofika sisi. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu tulipofika sipo panapoonekana katika picha zile.

Tulianza tukiwa watu 22, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani. Kila Jumamosi, maji yakishatoka, tulishuka ufuoni na magunia matupu ya mchele, tukaokota chupa za maji, vifuniko, kandambili, vipande vya nyavu na vile vikamba vya plastiki ambavyo mama zetu hufungia mwani. Na kusi likivuma tuliokota hata chupa zenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Kila gunia nililitia alama ya rangi nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe, maana nilitaka ijulikane kazi ile ni ya nani. Tukipiga picha, gari la mizigo tulilolikodi kwa michango yetu huyachukua magunia, nasi hurudi majumbani tukiamini kwamba taka zinakwenda kwenye jaa la Kibele. Nakiri kwamba sikuwahi hata siku moja kupanda gari lile.

Masika ya mwaka huu, siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mvuvi mmoja wa madema alinifuata baada ya sala ya alfajiri akaniambia, "Mwalimu, magunia yako yamerudi." Alinipakia katika ngalawa yake tukaingia mikokoni, upande ambao watu hawafiki ila wakataji kuni na wavua kaa, na huko nikayaona: magunia yenye alama yangu nyekundu, mengine yamepasuka, mengine yamenasa katika mizizi, na chupa zimetapakaa kila maji yalipozifikisha. Nilimpigia dereva. Alinijibu kwamba njia ya jaani ni ndefu na malipo yetu ni madogo, kisha akakata simu. Ofisi iliyotupa cheti cha pongezi nimeiandikia barua mbili, na hadi leo sijajibiwa. Jambo hili bado linaniuma, lakini linaloniuma zaidi ni kwamba taka ambazo ufuoni zilikuwa wazi na rahisi kuokotwa, sisi ndio tuliozikusanya zikahamishiwa katika malezi ya samaki na kaa. Plastiki haiozi, jua na mawimbi huikatakata ikawa chembe ambazo hakuna mkono utakaoziokota.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu ndio wa pekee, ni huu: usiokote kabla hujajua unachokiokota kitakwenda kulala wapi. Panda gari pamoja na gunia la kwanza, ulione linashushwa, kisha ndipo uwaite watu.

La pili linatokana na hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi za pwani katika mwaka 2010 peke yake. Kuokota bila ya kupunguza ni kuyateka kwa upo maji ya ngalawa ambayo tundu lake halijazibwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, kabla ya Tanzania Bara iliyofanya hivyo mwezi Juni 2019, na mikoba ya ukili tunaisuka wenyewe. Kwa nini basi tuende sokoni mikono mitupu tukingojea kufungiwa samaki katika mfuko? Akina mama wa mwani wa kijijini kwetu wameweka pakacha pale dikoni, na kila kikamba kinachokatika hutiwa humo badala ya kuachwa kichukuliwe na maji. Hawakupewa cheti na mtu yeyote, na kazi yao naiona kubwa kuliko yangu. Tazameni kinachotoka katika nyumba zenu, ndugu zangu, kabla ya kulaumu kinacholetwa na mkondo.

Basi, mwanangu wa Micheweni, Jumamosi ijayo usiende ufuoni na gunia. Nenda kwa sheha, muulize taka za shehia hupelekwa wapi, kisha ufuatane nazo hadi mwisho wa safari yake. Sisi tungali tunayatoa magunia yale yetu mikokoni. Hadi jana yametoka 61, na yaliyobaki yanangoja bamvua lijalo, kwa kuwa maji yakiwa mafu ngalawa haifiki kule.